Baada ya Tezi Dume Kutolewa: Mkojo Una Saa Yake, Uume Una Saa Yake

Anayetolewa tezi dume kwa sababu ya saratani huuliza swali moja akitoka hospitali: lini nitarudi kama zamani? Hayo ni maswali mawili yaliyotiwa kwenye furushi moja. Kubana mkojo ni kazi ya msuli. Kusimama kwa uume ni kazi ya mishipa ya fahamu na damu. Msuli hufundishwa. Mshipa wa fahamu husubiriwa, na wakati unasubiriwa, nyama inayoutegemea hutunzwa isinyauke. Wengi hugeuza mambo haya: anayevuja hukaa akingoja muda upite, na ambaye jogoo hapandi mtungi hujilazimisha wiki ya tatu, akishindwa anahitimisha kwamba mambo yameisha.

Tuanze na mkojo, kwa sababu ndio unaoanza kurudi.

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo umepita katikati yake kama uzi ndani ya ushanga. Tezi ikitolewa, kipande hicho cha mrija huondoka nayo, kisha daktari huunganisha shingo ya kibofu na mrija uliobaki kwa nyuzi. Kabla ya hapo mkojo ulizuiwa na milango miwili. Wa juu, kwenye shingo ya kibofu, ulijifunga wenyewe bila wewe kuufikiria. Wa chini ni msuli wa mviringo unaouzunguka mrija chini ya tezi, na huo hukutii ukiuamuru. Upasuaji huuvuruga au kuuondoa mlango wa juu. Wa chini, ambao miaka yote ulikuwa msaidizi tu, huachiwa zamu yote peke yake.

Ukishalijua hilo, tabia ya kuvuja haikushangazi tena. Mkojo hutoka unapoinuka kitini, unapokohoa, unapocheka, unapobeba mzigo, maana tumbo limekikandamiza kibofu na mlango haujazoea kushtuka kwa wakati. Jioni huzidi kuliko asubuhi kwa sababu msuli umechoka. Usiku wengi hukauka mapema, kwa kuwa mtu akilala mkojo haulemei mlango. Basi mtu akiamka na pedi kavu halafu jioni suruali ikalowa, hajarudi nyuma. Ndivyo safari ilivyo.

Mpira wa mkojo kwa kawaida hukaa wiki moja hadi mbili ili mshono upone. Usianze mazoezi ukiwa bado umewekewa mpira. Utakichokoza kibofu kijikunje, uumie bure. Siku ya kuutoa nenda na pedi za wanaume kadhaa na chupi inayobana. Pedi yenye gundi haikai ndani ya bukta pana, itahama na mkojo utapita kando. Na ukitolewa mpira halafu saa zikapita hukojoi, tumbo la chini likajaa na kuuma, rudi hospitali mara moja, ukaseme wazi kwamba umetolewa tezi dume majuzi. Mtu asiyejua kuhusu mshono ule anaweza kusukuma mpira mpya kwa nguvu akauchana.

Sasa mazoezi. Yanaitwa Kegel kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani aliyeyaandikia mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliotoka kujifungua. Wanaume waliyarithi, na maelekezo mabovu wakayarithi pia. Mgonjwa huambiwa "kaza kama unayezuia upepo usitoke". Ukifanya hivyo msuli unaofanya kazi zaidi ni wa nyuma, wa njia ya haja kubwa, ilhali mlango unaoutaka uko mbele. Amri inayofaa zaidi ni hii: vuta uume uingie ndani, kama kobe anavyorudisha kichwa kwenye gamba. Simama uchi mbele ya kioo ujitazame. Ukifanya sawasawa, shina la uume hurudi ndani kidogo na korodani hupanda kidogo. Tumbo, makalio na mapaja hayatikisiki, na pumzi inaendelea. Ukijiona umebana makalio, umekosea msuli.

Kuna njia nyingine ya kuutambua: katisha mkojo katikati ya kukojoa. Fanya mara moja kujihakikishia, kisha uache. Hicho ni kipimo. Anayekigeuza kuwa zoezi la kila siku hukizoesha kibofu kutojimaliza, mkojo hubaki ndani, na maambukizi hufuata.

Kipimo cha zoezi chenye kuvumilika ni hiki. Kaza pole kwa sekunde 3 hadi 5, legeza kwa muda uleule au zaidi, rudia mara 10. Baadaye kaza upesi na kuachia upesi mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Wiki kwa wiki refusha ule mkazo wa polepole mpaka ufike sekunde 10. Anza ukiwa umelala, hamia kwenye kukaa, kisha kusimama, maana ukiwa wima ndipo unapovuja. Kulegeza ni nusu ya zoezi; msuli usioachiwa huchoka kama mkono uliobeba ndoo kutwa.

Hata hivyo seti thelathini za kitandani hazina faida kama msuli haujui kazi yake ya mchana. Ufundishe mfuatano: kaza, kisha inuka; kaza, kisha kohoa; kaza, kisha beba. Mara za kwanza utasahau na utalowa. Baada ya majuma kadhaa mwili hufanya wenyewe, na hapo ndipo idadi ya pedi huporomoka.

Makosa ninayoyaona hayatofautiani sana. La kwanza ni bidii ya kupita kiasi: mtu anajikaza mara mia mbili kwa siku, msuli unachoka, jioni anavuja kuliko alivyokuwa, anaongeza tena. Akianza kuhisi maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, au kwenye kinena, apunguze. La pili ni kuziba pumzi na kusukuma chini, kama mtu mwenye haja ngumu. Huko ni kufungua mlango, si kuufunga. La tatu ni kuacha kunywa maji. Mkojo ukikolea hukichokoza kibofu, ukaenda chooni mara nyingi zaidi. Kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku, ukizitawanya mchana na kupunguza saa mbili au tatu kabla ya kulala. Kahawa, chai kali na pombe ndivyo vya kupunguza kweli. La nne ni kukimbilia chooni kila nusu saa "kwa tahadhari". Kibofu hujifunza kujaa mapema. Sogeza muda kwa dakika 15 kila baada ya siku chache, mpaka ufikie saa tatu hivi. Kufunga choo nako huharibu kazi yote, na mizigo mizito iache wiki sita za kwanza.

Pima maendeleo kwa mizani, usihesabu pedi. Mmoja hubadilisha pedi ikiwa na matone, mwingine mpaka imejaa. Wote watasema "pedi tatu" na hawalingani hata kidogo. Pima pedi kavu kwenye mizani ya jikoni, weka za saa 24 zilizotumika kwenye mfuko uliofungwa, pima tena, toa uzito wa pedi kavu. Gramu moja ni sawa na mililita moja. Fanya hivyo kila wiki mbili, siku ya shughuli za kawaida. Aliyetoka gramu 400 hadi 150 anapona, hata kama bado anatumia pedi zilezile tatu.

Kibano cha uume, yaani klempu, kina nafasi yake: safari fupi, ibada, mazoezi ya viungo. Kifungue angalau kila baada ya saa mbili, usilale nacho, na usikitumie kama huhisi vizuri uume wako. Ngozi ioshwe, ikaushwe, ipakwe krimu ya kuzuia unyevu. Vidonda vya mkojo huja haraka kuliko watu wanavyodhani.

Halafu kuna kuvuja ambako Kegel haikugusi. Ukihisi haja ya ghafla isiyosubiri mpaka ufike chooni, anayekusumbua ni kibofu, si mlango, na vipo vidonge vya kukituliza. Ukiungua unapokojoa na kupata homa, hayo ni maambukizi. Mkojo ukianza kuwa mwembamba kama uzi, ukajikamua, ukatoka kwa matone, basi huenda pale kwenye mshono kovu limebana njia. Hilo la tatu lisisubiri tarehe ya kliniki. Watu huendelea na mazoezi miezi mizima ilhali tatizo ni njia iliyoziba, na kibofu kilichojaa hufurika kwa namna inayofanana kabisa na kuvuja kwa kawaida.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo huleta mabadiliko makubwa, na nafuu huendelea hadi mwaka. Lakini kama mizani imegoma kabisa kufikia mwezi wa sita, anza kuzungumzia upasuaji wa kuzuia mkojo kuvuja.

Tuje kwenye uume, ambao kalenda yake ni ndefu mno kulinganisha na hiyo.

Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume imepita pande zote mbili za tezi dume, imeng'ang'ania gamba lake kama utando. Zamani madaktari waliikata bila kujua. Mwaka 1982 Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins alifanya upasuaji wa kwanza wa kuihifadhi kwa makusudi, baada ya kuifuatilia njia yake pamoja na Pieter Donker wa Leiden. Neno "kuhifadhi" ndilo linalowadanganya watu. Mshipa uliohifadhiwa umevutwa, umesogezwa, umepata joto la vifaa. Haujakatwa, ila umezimia. Kuzinduka kwake huchukua miezi 6 hadi 24, na wapo wanaoendelea kupata nafuu mwaka wa tatu. Kutosimama mwezi wa pili hakusemi chochote kuhusu mwaka wa pili.

Swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: mishipa ilihifadhiwa pande zote mbili, upande mmoja, au haikuhifadhiwa? Liandike jibu. Vidonge vyote vya kusaidia uume kusimama hutegemea jibu hilo. Sildenafil na tadalafil hazianzishi kusimama. Huurefusha ujumbe ambao mshipa wa fahamu umekwisha kuutuma. Mishipa ikiwa imekatwa pande zote mbili hakuna ujumbe, na kidonge hakina cha kurefusha. Mtu huyo asipoteze mwaka akibadilisha aina za vidonge. Umri, kisukari, presha, sigara, mionzi, na dawa za kushusha homoni navyo vina uzito wake, na aliyekuwa na shida kabla ya upasuaji asitarajie kutoka na hali bora kuliko aliyoingia nayo.

Jambo ambalo mara nyingi halisemwi: hisia za ngozi ya uume na uwezo wa kufika kileleni hupita kwenye mishipa mingine, nayo kwa kawaida hubaki. Mwanaume anaweza kufika mshindo bila uume kusimama. Utakuwa mshindo mkavu, kwa kuwa tezi dume na vifuko vya manii vimetolewa na mirija ya mbegu imekatwa. Kwa sababu hiyohiyo hatampa mtu mimba kwa njia ya kawaida. Anayetaka mtoto baadaye agandishe mbegu kabla ya upasuaji. Baadhi huvuja mkojo wanapofika kileleni. Kojoa kabla, vaa kondomu au pete ya mpira, tandika taulo. Mkojo usio na maambukizi haumdhuru mwenzako, na hali hiyo hupungua kadiri mlango unavyopata nguvu. Mwambie mwenzako mapema. Akikutana nalo bila taarifa, aibu hugeuka ukimya, na ukimya huo hudumu kuliko tatizo lenyewe.

Kwa nini basi usikae tu ukingoja mishipa izinduke? Kwa sababu uume mzima husimama mara kadhaa usingizini, na kila mara damu yenye oksijeni huilisha nyama ya ndani. Hilo likikoma kwa miezi, nyama laini hugeuka kovu. Uume hufupika, mara nyingi sentimita moja hivi au mbili, wakati mwingine hupinda, na hata damu ikirudi haikai. Mishipa inaweza kuamka ikakuta nyumba imebomoka. Niwe mkweli: tafiti hazijathibitisha kwamba kumeza vidonge kila siku huharakisha kuamka kwa mishipa yenyewe. Ninachokitetea ni kidogo kuliko hicho: nyama ijazwe damu na kunyooshwa mara kwa mara, kwa njia yoyote inayokufaa.

Sildenafil humezwa saa moja kabla, tumbo likiwa tupu au baada ya mlo mwepesi, kwani mafuta huichelewesha. Baada ya upasuaji huu wengi huhitaji dozi ya juu, miligramu 100, chini ya uangalizi wa daktari. Tadalafil haijali chakula. Miligramu 10 hadi 20 hukaa mwilini hadi saa 36, au 5 kila siku. Zote zinataka msisimko. Anayemeza na kukaa akitazama saa atasema dawa ni mbovu. Jaribu mara sita hadi nane, siku tofauti, kabla ya kuihukumu. Kichwa kuuma, uso kuwaka na pua kuziba ni kawaida. Tadalafil huongeza mgongo kuuma. Anayetumia naitreti kwa ajili ya moyo, iwe kidonge, dawa ya kupuliza au ya chini ya ulimi, asiguse hata moja, kwa sababu presha inaweza kuanguka hadi kuua. Na zile poda za "asili" za nguvu za kiume: mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimezikuta mara nyingi zimechanganywa na sildenafil isiyopimwa. Kwa mgonjwa wa moyo huo ni mtego.

Pampu ya utupu haihitaji mshipa wa fahamu hata mmoja, ndiyo maana naipenda kwa miezi ya mwanzo, tangu wiki ya nne au ya sita daktari akiridhia. Nyoa nywele za shina, paka jeli, bana silinda kwenye mwili. Vuta mara mbili au tatu, subiri, vuta tena. Kwa mazoezi ya nyama, shikilia dakika moja au mbili, achia hewa, rudia mpaka zitimie dakika 10 hivi, bila pete, kila siku. Kwa tendo, isukume pete kutoka kwenye silinda hadi shinani, na uivue kabla dakika 30 hazijaisha. Usinunue pampu isiyo na vali ya kupunguza mvuto. Hewa ikivuja, kosa ni nywele au jeli kidogo. Korodani ikivutwa ndani, silinda ni pana kwako. Uume utakuwa wa baridi, wa bluu kiasi, na utayumba shinani kama mlango wenye bawaba legevu. Uongoze kwa mkono. Watumiao dawa za kuzuia damu kuganda waulize kwanza.

Sindano ya kwenye uume inaogopesha kwa jina, lakini ndiyo yenye nguvu zaidi kabla ya kufikia upasuaji. Dawa yake, alprostadil, huanzwa kwa mikrogramu 2.5 hadi 5, mara ya kwanza kliniki, na dozi hupandishwa polepole. Sindano ni nyembamba kama ya insulini. Nyoosha uume kuelekea paja, choma ubavuni karibu na shina, kulia au kushoto kwa zamu. Usichome juu, kuna mishipa. Wala chini, kuna mrija wa mkojo. Sukuma dawa taratibu, chomoa, bana kwa dakika 5. Husimama ndani ya dakika 5 hadi 20, na dozi nzuri ni ile isiyozidi saa moja. Uvimbe ukitokea chini ya ngozi, dawa haikufika ndani. Usirudie siku hiyo. Ipite siku nzima kati ya sindano na sindano, na zisizidi tatu kwa wiki. Maumivu ya kuchoma ndani ni ya alprostadil yenyewe, na mchanganyiko wake na dawa nyingine mbili, papaverini na fentolamini, huyapunguza kwa wengi. Uume ukibaki umesimama kwa muda wa saa nne mfululizo, nenda dharura papo hapo. Ukingoja asubuhi umechelewa, na damu iliyotuama itakuwa imeua nyama uliyokuwa ukiitunza.

Wapo ambao hata baada ya hayo yote hawapati wanachotaka. Kipandikizi cha uume kina silinda mbili ndani ya uume, pampu ndogo kwenye mfuko wa korodani na tangi la maji tumboni. Unabonyeza, unasimama, unaachia, unalala. Hisia na mshindo hubaki kama vilivyokuwa. Ila silinda huchukua nafasi ya nyama ya ndani, kwa hiyo njia ya kurudi kwenye vidonge hufungwa. Ndiyo maana hakiwekwi mapema kwa mtu ambaye mishipa yake bado ina miezi ya kuamka.

Kwa mkojo, kuvuja kidogo au kwa wastani hutibiwa kwa utepe unaoinua mrija kutoka chini, hasa kwa ambaye hakupigwa mionzi. Kuvuja kwingi kunahitaji mlango wa bandia: mkanda unaozunguka mrija, puto tumboni, pampu kwenye mfuko wa korodani. Ukitaka kukojoa unabonyeza, mkanda unafunguka, kisha unajifunga wenyewe baada ya dakika chache. Huachwa umezimwa kwa wiki sita hivi kidonda kipone, na katika muda huo utavuja kama kawaida. Ukishawashwa, tembea na kadi inayosema unao, na mfundishe mtu wa nyumbani kusema hivyo kwa niaba yako. Ukiletwa hospitali hujitambui, muuguzi atataka kukuwekea mpira wa mkojo, na mpira ukipitishwa mkanda ukiwa umefungwa, mrija huchanika.